Amaravati, mji ulioliwa na wapenzi wake

Stupa kubwa ya Amaravati, kilima cha ibada cha Wabuddha huko India, haikubomolewa na adui. Ilimalizwa na watu walioipenda, kila mmoja kwa namna yake: kabaila aliyeupenda mji huo hata akauhamia, wasomi walioyapenda mawe yake hata wakaondoka nayo, na gavana aliyetaka mahali pale papendeze. Nasema hivyo kwa sababu kila ukisoma habari za urithi uliopotea, unatafuta mkorofi wa kumbebesha lawama. Hapa mkorofi hayupo. Wapo watu wenye nia njema, na shimo.

Amaravati ni mji mdogo kwenye ukingo wa kusini wa mto Krishna, jimbo la Andhra Pradesh, kusini-mashariki mwa India. Huko ni nchi ya pamba, mpunga na pilipili. Guntur, mojawapo ya miji mikubwa ya karibu, unajulikana India nzima kwa pilipili yake nyekundu. Wengi wanaofika Amaravati wanafuata hekalu la Amareswara, moja ya mahekalu matano ya Shiva yanayoitwa Pancharama. Wanaoga mtoni, wanapanda ngazi, wanasali, wanarudi kwao. Si mbali na hapo kuna duara pana la udongo na matofali lenye nyasi, na vipande vya mawe vimesimamishwa pembeni. Usipoambiwa, utadhani ni msingi wa tangi la maji ambalo mkandarasi alilikimbia.

Duara hilo ndilo lililobaki la Mahachaitya, mojawapo ya stupa kubwa kuliko zote zilizowahi kujengwa India. Stupa, kwa asiyeijua, ni kilima cha kujengwa chenye umbo la kuba, kinachohifadhi masalia matakatifu. Muumini haingii ndani. Anaizunguka kwa miguu, upande wa mkono wake wa kulia ukiwa umeelekea kuba. Ya Amaravati ilianza karne ya 3 KK hivi, zama za mfalme Ashoka au muda mfupi baada yake, ikaongezwa na kupambwa upya hadi karne ya 3 BK, wakati ukoo wa Satavahana ulipotawala eneo hilo. Mji wenyewe uliitwa Dhanyakataka, na kijiji cha jirani cha Dharanikota bado kinabeba mwangwi wa jina hilo. Kuba lilikuwa na kipenyo cha karibu mita 50. Lilizungushiwa uzio wa mawe mrefu kuliko mtu mzima, umechongwa nje na ndani: wafalme, tembo, wanawake wenye bangili hadi kwenye viwiko, miti, farasi wasio na mpandaji. Mawe yenyewe ni ya chokaa, meupe yenye kijani cha mbali. Waingereza waliyaita marumaru, na jina hilo lisilo sahihi limeng'ang'ania hadi leo.

Nani alilipa? Jibu limeandikwa kwenye mawe yenyewe, na kwangu mimi maandishi hayo yanashinda nakshi zote. Wafalme wanatajwa, lakini waliojaa ni wafanyabiashara, wauza manukato, watawa wa kike, wake wa watu. Mmoja ni Vidhika, fundi wa ngozi. Alitoa bamba lenye mtungi uliojaa pomoni, alama ya neema, na maandishi yake yanasema ni sadaka yake yeye, mwana wa mwalimu Naga, pamoja na mama yake, mkewe, ndugu zake, mwanawe, mabinti zake, jamaa na marafiki. Kazi ya ngozi, katika mfumo wa matabaka wa India, ilikuja kuhesabiwa najisi, na wenye kuifanya wakasukumwa nje ya vijiji. Lakini hapa fundi wa ngozi amesimama mstari mmoja na matajiri, jina lake limechongwa pale pale panapopita watu wote, na hakuona haya kutaja ujuzi wake. Sisi tungesema stupa hii ilijengwa kwa harambee, na orodha ya wachangiaji ikabandikwa ukutani ili kila mtu aisome.

Kuna bamba jingine lililoko London, British Museum, ambalo nadhani linaeleza historia ya Ubuddha wa mwanzo kuliko kurasa nyingi. Lina nyuso mbili. Uso mmoja ulichongwa karibu karne ya 1 KK: watu wamekunja mikono mbele ya mti, na chini ya mti kuna kiti cha enzi kitupu. Buddha hayupo. Wachongaji wa zama hizo walimwonyesha kwa nyayo, kwa gurudumu, kwa kiti ambacho hakuna aliyekikalia. Karne tatu hivi baadaye, mafundi waliokuwa wakiipamba stupa upya walilichukua bamba hilohilo, wakaligeuza, wakachonga upande wa nyuma. Safari hii walichora stupa nzima katika fahari yake yote, na Buddha yupo, mwenye mwili na uso. Uso wa zamani ukaelekezwa ndani, gizani. Kwa hiyo mafundi wa hapo hapo walikuwa wameanza kutumia mawe ya wazee wao kama malighafi muda mrefu kabla Mzungu hajatia mguu. Hilo nalikubali mapema, kwa sababu litarudi.

Mchongo mwingine, wa duara, uko Chennai. Unaonyesha kisa cha Nalagiri, tembo aliyeachiliwa akiwa mkali ili amkanyage Buddha. Kushoto tembo anafyeka mtaa, ameshamkamata mtu kwa mkonga. Watu wanachungulia madirishani, mwanamke mmoja ameruka nyuma kwa woga. Kulia, tembo huyohuyo amepiga magoti. Matukio mawili ndani ya duara moja, bila mstari wa kuyatenga, na jicho lako ndilo linalotembea. Mtindo huu wa kusimulia ulivuka bahari. Athari ya Amaravati inaonekana kwenye sanamu za Sri Lanka na za Asia ya Kusini-Mashariki.

Ubuddha wa huko ulififia polepole. Msafiri wa Kichina Xuanzang alipopita karne ya 7 alikuta nyumba nyingi za watawa zimekuwa mahame, chache zikiwa bado na watu. Mwaka 1344 maandishi ya mwambani huko Gadaladeniya, Sri Lanka, yanamtaja mtawa aliyekarabati jengo la ibada Dhanyakataka, na baada ya hapo kimya. Wenyeji waliita kile kilima Dipaladinne, kilima cha taa. Taa zenyewe zilishazimika, jina likabaki.

Mwishoni mwa karne ya 18 anatokea Vasireddy Venkatadri Nayudu, zamindari, yaani kabaila mwenye mamlaka ya kukusanya kodi ya ardhi kwa niaba ya watawala. Alihamishia makao yake karibu na hekalu la Shiva, akaanzisha mji mpya, akakarabati hekalu. Kujenga mji kunataka mawe na matofali, na kilima cha taa kilikuwa navyo tele. Vibarua wakachimba. Mawe mengine yakaingia kwenye majengo, mengine yakachomwa kupata chokaa. Hebu fikiria vizuri: bamba la Vidhika lingeweza kuishia kuwa lipu ya ukuta wa mtu, na huyo mtu asingejua kama amefanya kosa lolote. Siwezi kumlaumu sana. Alifanya walichofanya mafundi wa karne ya 3, ila yeye hakuyachonga mawe hayo upya.

Habari zikamfikia Colin Mackenzie, Mskoti mpima ardhi wa Kampuni ya Mashariki ya India, kampuni ya biashara ya Waingereza iliyotawala sehemu kubwa ya nchi hiyo, akaja mwishoni mwa miaka ya 1790. Akarudi mwaka 1816 akiwa mpima ardhi mkuu wa India, na wachoraji wake, na kwa miezi kadhaa wakachora kila walichokiona. Katikati ya kilima alikuta pameshachimbwa bwawa. Michoro hiyo ni kazi ya heshima, na kwa mawe mengi ndiyo ushahidi pekee uliobaki. Lakini kuchora nako kulihitaji kufukua, na kilichofukuliwa kiliachwa kwenye jua na mikono ya wapita njia. Baadaye ofisa mmoja wa mji wa pwani wa Masulipatnam akachukua mawe kadhaa kupamba soko lake jipya. Mwaka 1845 ofisa mwingine, Walter Elliot, akachimba tena, akapeleka mzigo Madras, ndiyo Chennai ya leo, ambako mawe yalikaa nje yakinyeshewa kwa miaka. Mwaka 1859 vipande 121 vikapakiwa melini kwenda London.

Na London vilipokelewaje? Wakati huo makumbusho ya Kampuni yalikuwa yakihamishwahamishwa, hapakuwa na nafasi. James Fergusson, mwanahistoria wa majengo, alipoanza kuyashughulikia mwaka 1867 aliyakuta kwenye banda la magari ya farasi. Yaliingia British Museum mwaka 1880, na hata huko yalikuja kukaa miaka mingi ghalani kabla ya kupewa ukumbi wa maana mwaka 1992. Yaliyobaki Madras yalipachikwa ukutani kwa saruji, na saruji na chumvi yake si rafiki wa jiwe la chokaa lenye umri wa miaka elfu mbili.

Kisa kinachonikera zaidi ni cha mwaka 1880. Ofisa wa Kiingereza, Robert Sewell, alikuwa amechimba miaka mitatu kabla na kukuta kwamba bado kuna mawe ardhini, mengine yamesimama pale pale yaliposimamishwa. Gavana wa Madras, Duke wa Buckingham, akaguswa. Akaamuru eneo lote lisafishwe, lifunuliwe liwe kivutio. Likasafishwa kweli. Mwanaakiolojia James Burgess alipofika mwishoni mwa 1881 alikuta duara kubwa tupu lenye mabamba yametapakaa, na hakuna tena namna ya kujua lipi lilisimama wapi. Kazi ambayo kabaila hakuimaliza, wala mvua, wala wachoma chokaa, ilimalizwa na amri ya kutunza. Burgess akakusanya yaliyobaki, nayo pia yakapelekwa Madras. Alikuwepo Mwingereza mmoja, H. H. Cole, mhifadhi wa majengo ya kale, aliyepiga kelele kwamba kuruhusu nchi iporwe kazi zake halisi ni siasa ya kujiua. Alitaka mawe yabaki yalipo, na makumbusho za mbali zitengenezewe nakala. Hakusikilizwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wale wanaosema "yaliokolewa". Nusu ya hoja yao ni kweli. Jiwe lililobaki kijijini mwaka 1850 lingeweza kuishia tanurini. Lakini hoja hiyo inamlinganisha mchoma chokaa na msomi, kana kwamba palikuwa na njia mbili tu. Ya tatu ilikuwepo, Cole aliisema kwa sauti, na gharama yake ilikuwa walinzi na paa. Haikuchaguliwa kwa sababu hakuna kati ya hao wote aliyeuona mji wa Amaravati kuwa mdau. Wao waliona mawe. Mji ulikuwa mahali mawe yalipotokea.

Madai ya kurudishiwa yamekuwepo kwa miaka mingi, na kwa London yanagota kwenye ukuta unaojulikana: sheria ya British Museum ya mwaka 1963, inayoibana bodi isitoe vitu vya hazina yake isipokuwa kwa sababu chache. Tazama lakini kilichotokea kwingine. Mwaka 2016 jumba la taifa la sanaa la Australia liliirudishia India mchongo wa waumini wa Buddha kutoka Chandavaram, stupa nyingine ya Andhra, kwa kuwa ilithibitika uliibwa kwenye makumbusho ya hapo mwaka 2001. Wizi wa juzi una risiti, una picha, una polisi. Uchukuaji wa 1859 una barua za serikali zenye mihuri, kwa hiyo unaitwa uhamisho. Kadiri aliyechukua alivyokuwa na madaraka zaidi, ndivyo karatasi zake zinavyokuwa safi zaidi.

Kuna jambo wapiga kelele wa Andhra wenyewe hawapendi kuligusa. Mawe mengi ya Amaravati hayako London. Yako Chennai, ambayo zamani ni Madras. Yalipopelekwa huko, Amaravati na Madras zilikuwa chini ya gavana mmoja. Mwaka 1953 Andhra ikajitenga, mji wa Madras ukabaki upande wa Watamil, na mawe yakabaki nao. Hakuna ofisa wa kikoloni wa kulaumiwa leo kwenye ukumbi ule. Ni majimbo mawili ya nchi moja. Kama hoja ni haki ya mahali, basi inafaa ianzie kilomita mia chache kutoka nyumbani kabla ya kuvuka bahari. Ni rahisi zaidi kumdai Mwingereza, kwa sababu kumdai Mwingereza hakukupunguzii kura.

Na kura ndizo zilizouleta mji huu midomoni mwa watu tena. Mwaka 2014 Telangana ilipotengwa na Andhra Pradesh, iliondoka na Hyderabad, mji mkuu wenye pesa. Waziri kiongozi Chandrababu Naidu akaamua kujenga mji mkuu mpya kabisa kandokando ya Krishna, na akaupa jina la Amaravati. Tarehe 22 Oktoba 2015 Waziri Mkuu Narendra Modi aliweka jiwe la msingi, akiwa amebeba udongo kutoka viwanja vya Bunge na maji ya mto Yamuna. Wakulima walitoa zaidi ya eka 30,000 kwa mpango wa kuchangia ardhi: kwa kila eka, mkulima angerudishiwa kiwanja cha kujenga nyumba cha yadi za mraba 1,000 na kidogo cha biashara, pamoja na malipo ya kila mwaka kwa miaka 10.

Mwaka 2019 serikali ikabadilika. Jagan Mohan Reddy akaja na wazo la miji mikuu mitatu, ujenzi ukasimama, nguzo zikaota nyasi. Wakulima, wanawake wakiwa mstari wa mbele, wakaandamana kwa miaka. Mwaka 2024 Naidu akarudi madarakani, Benki ya Dunia ikapitisha mkopo wa dola milioni 800 mwezi Desemba, na Mei 2025 Modi akaja tena kuzindua upya kile alichokwisha kukizindua.

Mji mdogo wenyewe je? Ramani ya awali ya mji mkuu ilikuwa ya kilomita za mraba 217, na Amaravati ya zamani, yenye hekalu na duara la stupa, haikuwemo. Jina lilichukuliwa, likapelekwa mashariki kidogo, kandokando ya mto, mwenye jina akaachwa nje ya mstari. Na mimi sishangai tena. Ni mtindo ule ule wa miaka mia mbili: kinachopendwa kinang'olewa kipelekwe panapomfaa mpenzi. Zamani yalikuwa mawe. Mawe yalipokwisha, likabaki jina.

Si kwamba mji haukuguswa kabisa. Watibeti wanaamini kuwa Buddha alitoa hapo Dhanyakataka mafundisho ya Kalachakra, ambayo katika Ubuddha wao hutolewa kwa ibada kubwa. Wanahistoria hawaungi mkono, lakini Januari 2006 kiongozi wao wa kiroho, Dalai Lama, aliongoza ibada hiyo Amaravati na umati ukafurika kwa siku kadhaa. Siku hizi ipo pia sanamu ya Buddha ya futi 125, inayoonekana kutoka mbali. Ni ndefu, ni safi, na inafaa kupigia picha. Umbali mfupi kutoka hapo kuna kiti kitupu halisi, lile duara, ambalo watu wa karne ya 1 KK wangelielewa mara moja, na ambalo basi nyingi za watalii hulipa dakika kumi.

Ningeulizwa nianze wapi, nisingeanza na London wala Chennai, maana kesi hizo zitachukua umri wa mjukuu wangu. Ningeanza na kitu cha bei ya chini. Majina ya wachangiaji yameshasomwa na kuchapishwa na wataalamu, yapo. Yaandikwe kwa Kitelugu, herufi kubwa, kwenye mabamba mapya kandokando ya njia ya kuzunguka duara, ili anayetoka kwenye hekalu la Shiva na watoto wake asome akipita: mtawa fulani, muuza manukato fulani, na Vidhika fundi wa ngozi, na mama yake, na mkewe, na ndugu zake, na mwanawe, na mabinti zake.